Gia boksi ya gari jipya isifunguliwe, hata na sisi

Gereji yetu hapa Mombasa inakula kwa gia boksi. Tunazishusha, tunazifungua, tunabadilisha klachi na vali, tunazirudisha. Lakini mteja akiingia na gari ambalo waranti yake haijaisha, hatulegezi hata bolti moja. Wapo wanaokasirika. Wapo wanaokwenda kwa fundi mwingine, na baada ya wiki mbili wanarudi kwetu na gia boksi ikiwa vipande ndani ya gunia, pamoja na barua ya muuzaji ya kukataa dai kwa sababu gia boksi ilishafunguliwa nje ya karakana yake. Hapo hata sisi tunaumia, maana kitu ambacho kingetengenezwa bure sasa kitamgharimu mtu akiba ya mwaka mzima.

Mwaka jana alikuja mama mmoja na gari la miezi 14, lenye kilomita 31,000. Kila asubuhi akitoka nyumbani Bamburi, gari likiondoka linatetemeka kama mtu mwenye homa. Likishapata moto, gia ya pili inaingia kwa kishindo. Alikuwa amelirudisha kwa muuzaji mara tatu. Mara zote tatu walilizungusha mtaani, wakamwambia, "Liko sawa mama, utalizoea." Nilipomwomba karatasi za siku hizo tatu, alikuwa na moja tu, nayo imeandikwa kwamba gari lilikuja kubadilishwa oili ya injini. Yaani kwa mujibu wa karatasi, gari lile halijawahi kulalamikiwa hata siku moja. Hilo lilinisikitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Waranti nyingi za magari mapya huku kwetu ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Anayesafiri Mombasa na Nairobi kila wiki anamaliza kilomita hizo katika muda usiofika miaka miwili. Sasa fikiria gia boksi iliyoanza kusumbua kwenye kilomita 60,000, ukaambiwa ni mazoea, ikafa kwenye kilomita 103,000. Ukiwa na karatasi ya tarehe ile ya kwanza, una hoja: ugonjwa ulianza waranti ikiwa hai. Usipokuwa nayo, una maneno tu, na maneno ya mteja kwenye meza ya madai hayana uzito.

Kwa hiyo kila unapolipeleka gari, hakikisha malalamiko yameandikwa kwenye jobu kadi, ile karatasi ya kazi inayojazwa gari linapopokelewa, na yaandikwe kwa maneno yako. Usikubali mtu wa mapokezi akuandikie "aangalie gia boksi" na kupiga mstari. Mwambie aandike hivi: gari likiwa baridi, gia ya kwanza kwenda ya pili, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, linatetemeka kwa sekunde tatu. Andikisha na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Wakisema hawakuona kitu, waandike kwamba hawakuona kitu, watie sahihi, upewe nakala. Karatasi ya "hatukuona kitu" ni mali yako kama ile ya "tumeona".

Ili uweze kuueleza ugonjwa, yafaa ujue una gia boksi ya aina gani, kwa sababu otomatiki si moja. Kuna ile ya kizamani yenye konvata inayozungusha oili kati ya injini na gia. Hiyo ikianza kuchoka huteleza: unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, lakini gari halichukui mwendo. Kuna CVT, ambayo haina gia za kuruka kabisa. Ina mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Mteja aliyetoka kwenye gari la gia za kawaida hudhani CVT inateleza, kumbe ndivyo ilivyoumbwa, injini inavuma kwa sauti moja huku mwendo ukiongezeka polepole. Ila ikitetemeka ukiwa kwenye mwendo wa katikati, au ikipoteza nguvu kwenye mlima likiwa limepata moto, huo si umbile, huo ni ugonjwa.

Ya tatu ndiyo inayotuletea wateja wengi wa magari mapya, ile ya klachi mbili. Ndani yake ni kama gia boksi mbili za mkono zilizounganishwa, klachi moja inashika gia za witiri na nyingine za shufwa, na kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi badala ya mguu wako. Barabarani ni tamu, inabadilisha haraka na inabana mafuta. Adui yake ni foleni. Zile zenye klachi kavu, zisizoogelea ndani ya oili, hupata joto kali kila gari linapotambaa. Ukikaa nusu saa kwenye foleni ya feri ya Likoni ukisogea nusu mita kila dakika, klachi inasuguana muda wote huo. Acha nafasi mbele yako, kisha usogee mara moja. Na kama limeshaanza kutetemeka, usikubali kuambiwa kosa ni la mguu wako kabla ya kompyuta kusomwa.

Hili la kumlaumu dereva ninalisema kwa uzito, kwa sababu limewahi kufika mahakamani. Nchini Australia, kampuni ya Ford iliuza magari ya Focus, Fiesta na EcoSport yenye gia boksi ya klachi mbili iliyoitwa PowerShift. Wateja walilalamika kwamba magari yanatetemeka, na baadhi yao wakajibiwa kwamba tatizo ni namna yao ya kuendesha, wakati kampuni ilishajua kwamba gia boksi zenyewe zina kasoro. Mwezi Aprili 2018 Mahakama ya Shirikisho ya nchi hiyo iliiamuru Ford Australia ilipe faini ya dola milioni 10 za huko, kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja hao.

Na joto si hadithi ya mafundi. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita yarudishwe kurekebishwa magari yenye gia boksi yake ya gia saba ya klachi mbili, zaidi ya milioni moja duniani, ili itolewe oili ya sintetiki iliyotoka nayo kiwandani, itiwe oili ya madini. Sintetiki ile ilikuwa ikileta hitilafu za umeme ndani ya gia boksi, hasa kwenye nchi za joto na unyevunyevu. Mtu wa Mombasa akisoma hivyo anajijua. Basi unapofika kwa muuzaji, toa namba ya chesisi ya gari lako, uwaulize maswali mawili: kuna wito wowote wa kiwanda kwa namba hii, na kuna nyongeza yoyote ya waranti ya gia boksi? Nyongeza huwa zipo. Marekani, Nissan iliirefusha waranti ya CVT kwenye modeli za 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000. Asiyeuliza anaweza kulipia kitu ambacho kiwanda kimeshakubali kukibeba.

Sasa nitaje mambo yanayoua dai, maana mengi hufanywa kwa nia njema.

La kwanza ni kufuta kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huziandika. Taa ya injini inawaka, kijana ana kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, anabonyeza, taa inazimika, kila mtu anafurahi. Kwa kufanya hivyo amefuta ushahidi wako. Kompyuta inapoandika kodi huhifadhi pia hali ya wakati ule: mwendo, joto, mizunguko ya injini. Yote yanaondoka. Na usidhani muuzaji hatajua, kwani kompyuta huhesabu kilomita tangu kodi zilipofutwa mara ya mwisho. Tena vile vifaa vidogo mara nyingi huishia kwenye P0700, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta ya gia boksi ina jambo la kusema, basi. Jambo lenyewe liko ndani zaidi na linahitaji mashine inayozungumza na kompyuta hiyo.

La pili ni kamba. Gari la otomatiki likizimika njiani usilifunge kamba likaburutwa hadi mjini. Injini ikiwa imezima, pampu ya oili ya gia boksi haizunguki, lakini matairi yanaendelea kuizungusha gia boksi kwa ndani ikiwa kavu. Ita gari la kubebea, libebwe lote juu. Kwa gari linalovuta kwa matairi yote manne hilo halina mjadala.

Maji nayo. Mvua za masika zikijaa barabarani, maji yakipanda hadi kwenye tundu la kupumulia la gia boksi huingia ndani, na oili hugeuka rangi kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Waranti haibebi mafuriko. Hilo ni la bima yako, kama umekata bima kubwa, kwa hiyo usipoteze mwezi mzima ukigombana na muuzaji.

Na betri. Gari likifungwa kifaa cha kufuatilia au alamu na fundi aliyekata nyaya ovyo, au betri ikidhoofika, gia boksi huanza vituko ambavyo si vyake. Tumewahi kuona gari "bovu la gia" likapona kwa kubadilishwa betri tu.

Kuna kundi jingine la wateja ambalo linanihuzunisha. Wananunua gari kutoka Japani lenye umri wa mwaka mmoja au miwili, likiwa linang'aa, wakidhani waranti ya kiwanda imevuka bahari pamoja nalo. Kwa kawaida waranti ile huishia kwenye soko lilikouzwa gari. Anachokupa muuzaji wa yadi hapa, iwe miezi mitatu au sita, ni ahadi yake mwenyewe, na ina nguvu kadiri ilivyoandikwa. Isome kabla ya kulipa. Kama imetaja injini na kunyamaza kuhusu gia boksi, basi gia boksi haimo.

Gereji yetu inakusaidia hivi. Tunalipima gari bila kufungua chochote. Tunasoma kodi zote pamoja na hali zilizohifadhiwa, tunazichapisha, hatuzifuti. Tunaangalia betri, mivujo na mikono ya injini, yaani vishikio vinavyoishikilia injini mahali pake, maana mkono wa injini uliokatika hugonga kama gia. Tunatoka nawe barabarani, mwenzangu mmoja akirekodi video ya dashibodi ili mshale wa injini na mwendo vionekane kwa pamoja. Mwisho tunakuandikia ripoti ya ukurasa mmoja, unakwenda nayo kwa muuzaji. Ukitaka tukusindikize, tunakuja.

Yule mama tulimfanyia hivyo hivyo. Tulimshauri asilipeleke gari mchana likiwa moto, alilaze kwa muuzaji, na jobu kadi iseme liwashwe asubuhi na fundi mkuu akiwa ndani. Lilitetemeka mbele yao kabla halijatoka getini. Walibadilisha klachi zote mbili, wakaipanga upya kompyuta ya gia boksi, na hakutoa hata shilingi. Jambo lililobadilika kati ya ziara ya tatu na ya nne ni saa ya kulipima na karatasi iliyoambatana nalo.

Ikitokea umefuata yote na bado unazungushwa, andika barua kwa meneja, uambatishe nakala, utaje siku unazowapa kujibu. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mteja haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaostahili, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaweza kwenda kwenye Mahakama ya Madai Madogo, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Kwa tunavyoona, wengi hawafiki huko. Barua yenye jobu kadi nne nyuma yake husomwa.

Ukija kwetu, njoo na kitabu cha sevisi, jobu kadi zote ulizo nazo, na waranti yenyewe. Kama gari linasumbua likiwa baridi, lilete jioni ulilaze, tuliwashe sisi saa moja asubuhi.