Barua kwa Mama Pacha: jina kwanza, websaiti baadae

Mwanga, Kigoma
Jumapili usiku

Mama Pacha shoga yangu,

Za Isevya? Mapacha hawajambo, na shemeji? Sisi uku wazima, ila mvua imeshika tangu juzi, Kibirizi yote matope, dagaa nimewaingiza ndani hata hawajakauka vizuri. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu nikaona nikijibu kwa voisi ntasahau nusu, acha nikuandikie.

Unasema umepata kijana hapo Tabora atakutengenezea websaiti ya asali, kila kitu juu yake we utoe hela tu, na anakuuliza unataka aitengeneze kwa Wix, Shopify au WordPress, izo programu tatu za kutengenezea websaiti. Nakuomba kabla hujamjibu ilo, muulize kwanza domeini, yaani lile jina la anwani ya websaiti, ataisajili kwa jina la nani. Ukishajibiwa apo ndo mje kwenye izo Wix.

Unakumbuka ile websaiti yangu ya mawese na dagaa, hadi watu wa Dodoma walikua wananipigia? Yule aliyenitengenezea alisajili jina kwa imeili yake na namba yake ya simu, mi sina hata paswedi, na sikuona shida maana kila nikitaka kitu nampigia anabadilisha. Sasa 2024 ziwa likafungwa, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti hakuna kuvua, dagaa hamna, na kule kwenye websaiti dagaa wapo wameandikwa na bei, nampigia ashushe ile picha hapokei, watu wanaagiza na wengine wameshatuma hela, narudisha hela mmoja mmoja naomba radhi kama vile nimewaibia. Alafu muda wa kulipia jina ukaisha. Nampigia, namba haipatikani kabisa. Nikawatafuta waliomuuzia wakaniambia mama kwenye kumbukumbu zetu wewe haupo. Na kweli sipo. Mama Pacha nililia, ilo jina nshaliprinti kwenye lebo, madumu yako barabarani yana anwani isiyofunguka, na mpaka leo sijalipata. Sitaki yakukute.

Kwaiyo fanya ivi. Majina yanayoishia na .co.tz unanunua kwa wasajili walioruhusiwa, wapo wengi, unalipia kwa mwaka na sio hela ya kutisha. Fungua akaunti mwenyewe kwa imeili yako na namba yako, kijana akae pembeni akuelekeze tu, paswedi iandike kwenye daftari la mauzo. Akitaka kufanya kazi yake utampa nafasi ya kuingia, kazi ikiisha unabadilisha paswedi. Akikasirika ujue kuna kitu.

Haya sasa izo alizokutajia. Shopify naisifu kwa kweli, iliundwa Kanada na watu waliokua wanauza mbao za kutelezea kwenye theluji wakakosa programu nzuri ya duka wakaamua waitengeneze wenyewe, ndo maana mambo ya oda na stoku yamenyooka, unaona kabisa ni kitu cha muuzaji. Lakini unalipia kila mwezi, kwa dola, umeuza hujauza, na asali ina msimu wake. Alafu mfumo wao wenyewe wa kupokea malipo haujafika Tanzania, inabidi uunganishe wa kampuni nyingine, na ukifanya ivo Shopify nao wanakata asilimia yao kwenye kila mauzo juu ya makato ya hao wengine. Wateja wako wanalipa M-Pesa na Airtel Money, sasa unakatwa mara mbili kwa ajili gani?

Wix ni rahisi kuliko zote, unavuta picha unaiweka unapotaka, jioni moja umemaliza. Ya bure inaweka matangazo yao na anwani inakua ndefu yenye jina lao ndani, mteja wa Dar akiona anasita. Hata ya kulipia, shida yangu nayo ni moja tu, siku ukitaka kuhama huwezi kubeba websaiti ukaipeleka kwingine, unaanza upya. Mi kwa nilichopitia kitu kisichobebeka sikitaki tena.

Kwenye WordPress sikiliza vizuri maana ziko mbili watu wanachanganya. Ile ya .com ni kampuni inakuhifadhia kila kitu kwao. Ile ya .org ni programu ya bure kabisa, ipo tangu 2003, unaipakua unaiweka kwenye hostingi, yaani sehemu ya kuhifadhia websaiti, uliyokodi mwenyewe, hostingi wakikusumbua unabeba mzigo wako wote unahamia kwa mwingine na jina ni lile lile, mteja wala hajui kama umehama. Juu yake unaweka WooCommerce, nayo ya bure, hiyo ndo inafanya websaiti iwe duka. Na makampuni ya malipo yanayofanya kazi uku kwetu kama Pesapal yana plagini yake, yaani kiprogramu unachoongeza juu ya WordPress, mteja analipa kwa simu. Ubaya wake inataka uangalizi, plagini zinatakiwa zisasishwe, usipofanya ivo wezi wanaingia, na nakala ya kila kitu lazima uwe nayo pembeni. Kama hiyo kazi atafanya kijana basi mkubaliane bei ya mwaka kwa maandishi.

Ila Mama Pacha we una vitu vitatu, asali ya nyuki wakubwa, ya nyuki wadogo na nta. Kweli unahitaji duka zima saa hizi? Wateja wako wote wako WhatsApp. Pakua WhatsApp Business, ni bure, weka katalogi, ile orodha ya bidhaa na picha na bei, inabeba hadi bidhaa 500, asali ikiisha unaificha mwenyewe umekaa jikoni, humpigii mtu. Websaiti iwe ukurasa mmoja tu kwenye jina lako, picha, bei, mnasafirisha vipi, na kitufe, mteja akibonyeza anaangukia kwenye WhatsApp yako, unatumia ile linki ya wa.me inayofuatiwa na namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha. Ukurasa huo auweke kwenye WordPress hiyo hiyo, ili oda zikikushinda kuandika kwa mkono unaongeza WooCommerce palepale, hubomoi kitu. Mi nlianza na duka kubwa lenye vipengele kibao na watu bado walikua wanapiga simu kuuliza "mama mzigo upo?"

Na picha! Usikubali aweke picha jinsi zilivyotoka kwenye simu, moja inaweza kuwa na MB nne au tano, mtu wa Urambo mwenye bando la mia tano anafungua inazunguka tu mpaka anakata tamaa. Mwambie azipunguze zisizidi KB 200. Zile za asali ya nyuki wadogo ulizonitumia jua likipita kwenye chupa ni nzuri sana, hizo ziwe juu kabisa, na weka moja ya mizinga kule miomboni, watu wapendao asali wanataka kuona inatoka wapi.

Nimekuwekea dumu la mawese la lita tano, nalituma na treni ya wiki hii, ntakupa namba ya mzigo. Dumu likiwa tupu usilitupe, nirudishie na asali.

Jina ulilosema nimelipenda, sijui kama lipo wazi, kesho asubuhi liangalie mapema na usimwambie mtu mpaka uwe umelipia. Ukishalipia nipigie picha risiti, nataka nione jina lako limeandikwa juu.

Wasalimie wote, mama mkwe umshikie miguu.

Shoga yako wa Mwanga