Zambarau za Ibn Battuta

Swahiba, asalaam aleikum, u hali gani na joto la Maskati? Huku sisi wazima alhamdulillah, jana mvua imepiga mpaka maji yakapanda barazani. Kile kitabu cha safari za Ibn Battuta ulichoniletea ulipokuja arusini nimekimaliza. Usicheke, kilikaa juu ya kabati nikikitazama tu, juzi stima zikapotea siku mbili ndo nikakisoma na tochi.

Kwanza nilikasirika. Mzee katoka Tangier huko Moroko, kaja mpaka pwani yetu 1331, Mogadishu kaandika hadi achari ya ndimu na ya embe na ndizi mbichi zilizopikwa na maziwa, ati mtu mmoja wa kule anakula chakula cha kundi zima la kwao, Kilwa kaisifu ni katika miji mizuri kabisa aloiona, halafu Mombasa yetu je? Kalala usiku mmoja! Mistari michache, kapanda chombo kaenda zake.

Lakini jamaa alikuwa na macho. Anasema hapa Mombasa kila msikiti mlangoni una kisima kimoja au viwili, vifupi tu, dhiraa moja mbili, na maji yanachotwa na chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba. Hapo nikacheka peke yangu manake hiyo si kata hiyo? Yeye kasema mti, mi naona kifuu, ile ile kata bibi akiiweka juu ya mtungi na ukiishika na mikono michafu unakula kofi. Watu wote miguu mitupu, anaeingia msikitini anaosha miguu kwanza halafu anaifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni. Sa kumbuka sisi pale birikani tukisukumana nani aoshe wa kwanza, mpaka yule mzee akatutoa na bakora.

Na matunda! Kataja ndizi, kataja ndimu, halafu tunda moja analiita jamun, lafanana na zeituni na kokwa lake ni kama la zeituni ila tamu sana. Zambarau hizo swahiba, Wahindi mpaka leo wanaziita jamun. Nikainua kichwa, mtoto wa jirani kakaa barazani ulimi rangi ya wino na kanzu ya chuoni imeharibika yote, mamake bado hajamuona.

Pahali pengine kanichanganya, anasema kutoka Mombasa mpaka nchi ya Sawahil ni safari ya siku mbili baharini, na nafaka zinaletwa kutoka huko, wenyewe chakula chao kikubwa ndizi na samaki. Siku mbili! Na bara ya Likoni iko pale ng'ambo, mtu akiwa na pumzi anaogelea. Labda hiyo Sawahil yake si bara ya ng'ambo, ni kusini zaidi, au kasahau tu, manake safari yote alimsimulia Ibn Juzayy aandike, wakamaliza 1355, miaka 20 na zaidi imepita. Mi hata futari ya juzi siikumbuki.

Kilichonikaa rohoni ni kisa cha Kilwa. Sultani Hasan alikuwa mkarimu mpaka wakamwita Baba wa Vipawa. Siku ya Ijumaa fakiri wa Yemen akamuomba nguo alizovaa, sultani akaingia nyumbani kwa khatibu akazivua akampa. Mwanawe akazirudisha zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa 10, sultani kuskia watu wanamsifu mwanawe akaongeza 10 wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Basi, hadithi imekwisha, sifa kwa sultani. Na wale 20? Yule yule alopima urefu wa kijiti cha kata hakuwauliza hata wametolewa wapi. Nilifunga kitabu nikakaa kidogo.

Sasa nna kazi yako. We Kiarabu kimekuingia, ntafutie nakala ya Kiarabu huko uangalie hapo pa Mombasa, ujue hicho chombo kasema mti kweli au aliyefasiri ndo katuharibia kata yetu. Nsalimie watoto na mama yao. Zambarau usiniulize, nikikutumia zitafika juisi.

Swahiba wako,
wa Kuze