TV ya zamani ilionyesha na waya wowote, kwa nini ya sasa inaganda?

Sisi ni mafundi wa antena, na kuna mteja wetu wa Isevya anawaambia majirani tumempiga hela. Eti antena yake ileile imeonyesha miaka yote bila fundi, leo kanunua king'amuzi cha antena picha inaganda, halafu sisi tunamwambia abadilishe waya. Hapa Tabora malalamiko haya hayaishi, kwahiyo acha tueleze.

Ni kweli zamani ilionyesha. Kwenye analojia, ule urushaji wa zamani, mawimbi yalipanda na kushuka kufuata picha yenyewe, waya ukiwa mbovu unaona chenga na vivuli lakini taarifa ya habari unaiangalia mpaka mwisho. Dijitali ya sasa inageuza picha na sauti kuwa namba, sifuri na moja, na king'amuzi kinazirekebisha zile zilizoharibika njiani, ndo maana ikishika picha inakuwa safi kabisa. Ila makosa yakizidi uwezo wake huoni chenga, unaona viboksi, sauti inakatika, mara giza. Dar walizima analojia 31 Desemba 2012 mikoa mingine ikafuata, na hapo ndo ubovu wa waya wa watu wengi ukajulikana, ulikuwepo siku zote sema analojia ilikuwa inauvumilia.

Sasa watu wanakimbilia busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Mzee mmoja wa Cheyo alinunua ya kwanza, ikagoma, akanunua kubwa zaidi. Tulivyopanda juu ya bati tukakuta waya wa antena umeungwa kwa kipande cha waya wa kawaida wa umeme, umesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni, kufungua ndani shaba imeshakuwa ya kijani. Kwenye menyu ya king'amuzi mstari wa nguvu ya mawimbi umejaa, wa ubora wake uko chini kabisa, kwa sababu busta inakuza mawimbi pamoja na uchafu wake wote. Hela ya busta mbili ilitosha waya mzima wa koaksi (ule maalumu wa antena), konekta na ufundi wetu, na chenji ingebaki.

Na miembe yetu hii jamani! Antena ikiwa nyuma ya mwembe, kiangazi inashika vizuri, masika majani yakilowa chaneli zinapotea kundi zima kwa mpigo maana nyingi zinapita kwenye masafa mamoja, na mteja anadhani kifurushi kimekata.

Tunachochaji ni kazi. Mmoja yuko juu anageuza antena taratibu, mwingine chini anasoma ubora na kusubiri, maana king'amuzi huchelewa kuonyesha mabadiliko, ukiharakisha unapitiliza. Na antena ya zamani kama ni nzima na ni ya UHF, yaani masafa yanayotumiwa na king'amuzi cha antena, hatukuuzii nyingine, hayo maandishi ya "dijitali" kwenye boksi ni ya biashara tu, antena inapokea mawimbi yoyote ya masafa yake.

Kabla hujatupigia fungua menyu uangalie ile mistari miwili. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, usinunue busta, tuite. Vyote vikiwa sifuri, angalia kwanza kama waya umechomoka nyuma ya king'amuzi, hiyo tutakuelekeza kwa simu na hatuchaji.