London hadi Tokyo: kwa nini kilomita pekee hazikupi saa za safari

Wengi wanaotuuliza muda wa ndege kutoka London hadi Tokyo huwa wameshapiga hesabu: kilomita 9,600 hivi, ndege inakwenda karibu 900 kwa saa, basi ni saa kumi na nusu na ushee. Hesabu yenyewe haina kosa, ila ndege haipiti hapo.

Chukua tufe la dunia, uvute uzi kutoka mji mmoja hadi mwingine. Uzi utapanda kaskazini, juu ya Skandinavia na Siberia. Zile kilomita 9,600 ndizo urefu wa uzi huo. Lakini tangu 2022 mashirika ya Uingereza na Japani hayapiti anga la Urusi, na safari iliyokuwa ya saa 12 hivi sasa inagonga 14. Wakati wa kwenda, ndege hushuka kusini na kukata Asia ya Kati na China, ikisukumwa na upepo wa juu uvumao kutoka magharibi, ambao huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Wakati wa kurudi upepo huohuo ungekuwa usoni, ndiyo maana ndege nyingi huzungukia Alaska na Greenland.

Kinachowaponza wasafiri zaidi ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi, kwa sababu kila upande huandikwa saa za mji wake. Mfano: unaondoka London Januari 10 saa 19:00. Tokyo iko mbele kwa saa 9, kwa hiyo kule ni 04:00 ya Januari 11. Ongeza saa 14, unatua 18:00 Januari 11. Tiketi itaonekana kama safari ya saa 23! Kurudi, ukiondoka 10:00 unafika London kama 15:30 siku hiyohiyo, japo umekaa kitini zaidi ya saa 14. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya Oktoba, tofauti ni saa 8, kwani Uingereza husogeza saa mbele na Japani haigusi zake.

Angalia sana ndege za baada ya saa sita usiku. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, ni usiku wa kuamkia tarehe 12: uwe uwanjani tarehe 11 jioni. Ukienda jioni ya tarehe 12, imeshaondoka tangu jana usiku.

Na kama unaunganisha ndege Tokyo, soma herufi za uwanja. HND ni Haneda, NRT ni Narita, na basi kati yao huchukua zaidi ya saa moja. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, utapita uhamiaji, utachukua begi lako mwenyewe na kulikabidhi upya. Tunashauri uache angalau saa 5 hapo katikati.