Barua kwa Tatu: hilo la mnada liache

Mpendwa Tatu,

Salaam sana. Natumaini u mzima wa afya na baridi ya huko haijakumaliza. Sisi huku hatujambo, Mungu anasaidia. Mama Neema anakusalimu na anasema deni la kanga bado analikumbuka. Mengine tutaongea Jumapili kwenye simu, ila hili haliwezi kungoja Jumapili.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Hongera kwa kupewa lile darasa la nane, ingawa kumkabidhi mtu historia ya Marekani ya karne ya 19 katikati ya muhula, bila hata andalio moja la somo, ni uonevu mtupu. Sasa pale ulipoandika kwamba wiki ijayo utawaigizisha wanafunzi mnada wa watumwa, nusu wawe wanunuzi na nusu wapande mezani wapigiwe bei, hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. Tafadhali liache. Liache kabla hujalitaja darasani.

Najua nia yako ni njema, unataka wausikie uchungu. Hawatausikia. Watoto wa miaka 13 ukiwapandisha mezani, dakika tano haziishi wameshaanza kucheka, na anayepiga bei anakuwa mchekeshaji wa darasa. Halafu macho yote yanamgeukia mtoto mweusi, hata kama umempa kazi ya karani. Shule kadhaa huko Marekani zimeishia magazetini kwa igizo hilohilo, na walimu wamesimamishwa kazi. Lakini hata usipomwogopa mzazi wala mwandishi wa habari, liache kwa sababu halifundishi. Mwanafunzi anatoka akijua watu walikuwa na bei, jambo alilokuwa akilijua tangu asubuhi.

Fanya hivi badala yake. Siku ya kwanza wape tangazo la mtumwa aliyetoroka. Yapo mengi, lakini lililo bora kwa darasa ni lile la mwaka 1804 lililotoka kwenye gazeti la Nashville, Tennessee. Anatafutwa mwanamume mmoja: umri kama miaka 30, urefu futi sita na inchi moja, amejengeka mwili, anaongea kwa busara, huinama anapotembea, na mguu wake ni mkubwa kupita kawaida. Mwandishi anasema mtu huyo atajifanya mtu huru kwa kuwa amepata hati za kuonyesha hivyo, na huenda ataelekea Detroit kupitia Kentucky na Ohio. Zawadi ni dola 50. Chini kabisa kuna nyongeza: dola 10 kwa kila viboko mia atakavyochapwa, mwisho viboko mia tatu.

Jina la aliyetia sahihi usilitoe. Kunja karatasi kwa chini kabla ya kupiga kopi, au lifunike kwa kipande cha karatasi nyeupe. Kopi moja kwa wanafunzi wawili inatosha, herufi ziwe kubwa, na weka namba za mistari pembeni kila baada ya mistari mitano. Hizo namba usizidharau, nitakwambia kwa nini. Maneno ya kizamani yaandikie maana ukingoni mwa ukurasa, la sivyo kipindi kizima kitaishia kwenye kamusi.

Maswali yawe manne tu. Nani ameandika na anataka nini? Taja mambo matano anayoyajua kuhusu mtoro. Yapi kati ya hayo yanaonyesha akili au mipango ya mtoro, japo mwandishi hakukusudia kumsifu? Na ni kitu gani hasemi kabisa? Swali la tatu ndilo lenye somo. Bwana mwenye mali analalamika, na katika kulalamika kwake anatuchorea mtu aliyejitafutia hati, anayejua njia ya kwenda kaskazini na anayeweza kuzungumza akapita mahali. Watoto wakishafika hapo wenyewe, waambie wafungue kunjo. Jina ni Andrew Jackson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Toa noti ya dola 20, yenye sura yake, uiweke mezani. Huna haja ya kusema neno.

Jambo moja la kuangalia: usiwaambie watunge tangazo lao la mtumwa aliyetoroka. Vitabu vingine vya walimu vinapendekeza hivyo, na ni mnada uleule kwa mlango wa nyuma, maana unamkalisha mtoto kwenye kiti cha bwana na kumsifu akiandika vizuri.

Siku ya pili geuza upande. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, walioachiwa huru walitoa matangazo yao wenyewe magazetini wakitafuta ndugu. Christian Recorder la Philadelphia, gazeti la kanisa la African Methodist Episcopal, lina mengi. Mama anatafuta wanawe, kaka anatafuta dada. Utaona tangazo limejaa majina ya mabwana: alikuwa wa fulani, akauzwa kwa fulani, akapelekwa kaunti fulani. Si kwamba waliwaheshimu mabwana hao. Ndiyo njia pekee iliyobaki ya kumtambulisha mtu. Gawa matangazo matatu kwa kila kundi la wanne, pamoja na ramani. Wachore mishale kutoka alipouzwa mtu hadi alipopelekwa, na pembeni wachore ukoo kwa kadiri karatasi inavyoruhusu. Patakuwa na mapengo, na hayo mapengo wayaache wazi. Wasiyajaze kwa kubuni.

Mnada wako uko humo, Tatu, ila safari hii anayeusimulia ndiye aliyeuzwa.

Ukibakiwa na nusu kipindi, waonyeshe ukurasa mmoja wa orodha ya watumwa ya sensa ya 1860. Jina la mwenye mali lipo, chini yake kuna umri, jinsia na rangi, na majina ya watu wenyewe karibu kila mahali hayapo. Kisha waonyeshe sensa ya 1870 ya kaunti hiyohiyo, yenye majina yao. Usieleze, waache wauone ukurasa.

Sasa nije kwenye Tamko la Ukombozi, kwa sababu umesema mkuu wa idara anataka zoezi la Lincoln. Kila mtoto atakuja akijua kwamba tarehe 1 Januari 1863 Lincoln aliwaachia watumwa wote. Usibishane nao. Wape ramani tupu ya majimbo, maandishi ya tamko lenyewe na kalamu za rangi mbili. Nyekundu ni mahali ambapo tamko linasema watumwa wako huru. Njano ni mahali penye utumwa ambapo tamko halikupagusa. Kwingine kubaki peupe.

Zoezi linakwama kwenye sehemu tatu, na ni zilezile kila mwaka. Kwanza ramani. Ukichukua ya leo, West Virginia imeshatengwa, ilhali ilikuwa jimbo tarehe 20 Juni 1863, miezi kadhaa baada ya tamko. Ndiyo maana tamko linaziacha nje kaunti 48 za Virginia na watoto wanabaki wameduwaa. Tumia ramani ya 1861 na mpaka huo uuchore mwenyewe kwa penseli. Pili ni Louisiana: parokia 13 (ndivyo wanavyoziita kaunti huko), pamoja na jiji la New Orleans, ziliachwa nje. Doa moja la njano linatosha, wasipoteze robo saa kuzitafuta. Tatu, na hii ndiyo nzuri, ni Tennessee. Wote wataipaka nyekundu kwa sababu ilijitenga na kuasi pamoja na Kusini. Waache wapake. Halafu uliza kwa upole: nionyeshe mstari unaoitaja Tennessee. Haupo.

Siku inayofuata leta hesabu. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 3,953,760 nchi nzima. Delaware walikuwa 1,798, Maryland 87,189, Kentucky 225,483, Missouri 114,931. Hayo manne hayakujitenga. Ongeza Tennessee, 275,719. Wajumlishe wenyewe: watapata 705,120, karibu asilimia 18, kabla hata ya kuhesabu zile sehemu za Virginia na Louisiana. Usijaribu kubana ramani na hesabu kwenye kipindi kimoja kama ni cha dakika 45, utakimbizana na kengele na vyote viwili vitaharibika.

Baada ya hapo jiandae, maana darasa litaruka upande wa pili: kumbe Lincoln alidanganya, kumbe karatasi tupu. Hili ni kosa kubwa kuliko la kwanza, na walimu wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza kazi. Warudishe kwenye maandishi. Waulize alitumia mamlaka gani. Watakuta anasema ni kama amiri jeshi mkuu, wakati wa uasi, kwa hiyo asingeweza kuitumia amri hiyo kwa Kentucky ambayo haikuasi, na Kentucky hakutaka kuipoteza hata kidogo. Kisha wasome sehemu ya mwisho inayowaruhusu walioachiwa kuingia jeshini. Hadi vita vinakwisha, wanajeshi weusi wapatao 180,000 walikuwa wamepita katika jeshi la Muungano, yaani upande wa Lincoln, na kila jeshi liliposogea ramani nyekundu ikawa kweli. Galveston, Texas, ilingoja hadi tarehe 19 Juni 1865. Kentucky na Delaware zilingoja Marekebisho ya 13 ya Katiba yaliyofuta utumwa, Desemba 1865. Hapo ndipo unapowapa swali la insha: karatasi ilifanya nini na jeshi lilifanya nini? Ukurasa mmoja, basi.

Wacherokee, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, nao usiwaache. Ukishamfunua Jackson kwenye lile tangazo la mtoro, ni rahisi kurudi kwake kupitia Sheria ya Kuwahamisha Wahindi ya 1830. Wape ukurasa wa mbele wa Cherokee Phoenix, gazeti lililoanza 1828 kwa lugha mbili, na maandishi ya Kicherokee aliyoyabuni Sequoyah yakiwa pembeni mwa Kiingereza, kisha waulize kama hao ndio "washenzi" waliosemwa bungeni. Hilo la kuwagawa watoto waigize safari ya kuhamishwa, nadhani sasa unajua nitasema nini.

Uliomba pia kitu cha kwetu kwa ajili ya wale watoto watatu wa Kiswahili. Kipo, tena si cha kulazimisha: merikani, ile nguo ya pamba. Pamba ilichumwa na watumwa Kusini, ikafumwa viwandani Massachusetts, ikapakiwa kwenye meli za Salem hadi Unguja, na kutoka pwani ikaenda bara mabegani mwa wapagazi ikitumika kama fedha. Meli zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Pembe nyingine ziliishia Connecticut zikawa funguo za piano. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa sahihi Muscat mwaka 1833, ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1840 meli yake, Sultana, ikafika New York, ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Vita vilipozuka 1861 pamba ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi Unguja. Zoezi lenyewe ni mnyororo: kila kundi lichore vituo vyote na katika kila kituo liandike nani anafanya kazi, nani analipwa, nani halipwi. Usiwafiche kwamba karafuu za Unguja nazo zilichumwa na watumwa. Watauliza tu.

Kuhusu kusahihisha: alama 10 kwa kila zoezi. 4 kwa kutaja mstari wa ushahidi, 4 kwa maelezo, 2 kwa swali ambalo mwanafunzi ameliuliza mwenyewe. Asiyetaja namba ya mstari zile 4 hazipati, hata akiandika kama profesa. Hizo namba ndizo zinazokuokoa na majibu ya kunakili mtandaoni, maana huko hakuna anayejua mstari wa 12 kwenye karatasi yako ni upi.

Nimeandika sana na bado hujaniambia mambo ya msingi. Vipindi vyako ni vya dakika 45 au 90? Wanafunzi wangapi wanasoma Kiingereza kwa shida? Kama ni wengi nitakupunguzia lile tamko libaki aya nne. Mashine ya kopi wamekuwekea kikomo? Yule Kibwana alikupigia kuhusu ramani, au ameingia mitini kama kawaida yake? Na la mnada, umeshamwambia mkuu wa idara? Kama umemwambia, nipigie leoleo tuone utalifuta vipi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na bibi mpe mkono wangu.

Wako,
Mwanaidi