Haikuwa maleria

Bombo, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Uliponipigia kuniuliza mbona sikuonekana Arua kwenye harusi, nilikwambia binti amelazwa kwa maleria. Nilikudanganya. Sisi tuliochapwa kwa kiboko kimoja madrasa, na bado nilikudanganya, kwa kuwa aibu ilinikaba koo. Sasa unakuja Idi, na sitaki uyakute mambo haya kwa kushtukiza.

Mwanao, huyu binti yangu, aliacha kula.

Ilianza Ramadhani ya mwaka jana. Yuko senia tatu, yaani kidato cha tatu, ana miaka 15, kufunga kwake si ajabu. Lakini Idi ikapita, akaendelea. Saumu za sunna: sita za Shawali, Jumatatu na Alhamisi, siku nyeupe za katikati ya mwezi. Mimi huku natembea kifua mbele, nawaambia wenzangu nimejaliwa binti mcha Mungu! Jioni anatupikia gurusa, mikate yetu myembamba, na mchuzi wa karanga, anatupakulia wote, yeye anadai ameshaonja jikoni. Na mimi mama mzima, niliyezaa wanne, sikujiuliza swali moja dogo: huyu msichana mbona hana siku za kutofunga? Ramadhani nzima hakukosa hata moja. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekatika tangu Januari.

Swali hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo.

Baadaye ndiyo nikaanza kuona. Sweta kwenye joto la saa nane mchana. Vinyweleo laini mikononi kama vya kichanga. Siku nageuza godoro nikakuta mayai matatu ya kuchemsha, yamefungwa kwenye karatasi za daftari, yameoza. Akaja kuanguka shuleni kwenye gwaride.

Majirani walikuwa na jibu lao tayari. Unakumbuka miaka ile ya themanini, mtu akikonda tu watu wanainamisha sauti, "silimu", yaani ukimwi. Mama mkwe wangu aliwazika majirani wengi wakati ule, naye alipomtazama mjukuu wake akaanza kulia bila kusema kitu. Tukampima. Hana. Kifua kikuu, hana. Sukari, tezi, vyote salama. Hapo baba yake akasema basi ni jini, au ni kiburi, na kiburi kina dawa yake. Namshukuru Mungu hakuinua mkono.

Tukamwita shekhe. Alimsomea, akamaliza, kisha akamuuliza amekula nini leo. Mtoto kimya. Shekhe akamfungulia Al-Baqara, aya ya 184 na 185, pale mgonjwa anapopewa ruhusa ya kutofunga, akamsomesha pole pole kama mtoto wa juzuu. Akamwambia: "Saumu inayokuangamiza usimpelekee Mungu. Kwa sasa ibada yako ni kula." Halafu akamgeukia mume wangu: "Na wewe mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho." Nilikuwa natarajia hirizi, shoga. Nikapewa nauli ya taksi.

Mapigo ya moyo yalikuwa 42 kwa dakika. Nilikuwa nimebeba sufuria ya matoke na nyama, nataka ale yote palepale, sista akaninyang'anya. Kumbe mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishindiliwa chakula kwa ghafla, madini ya kwenye damu yanaporomoka na moyo unaweza kusimama. Walimwanzisha kidogo kidogo, damu inapimwa kila siku. Halafu daktari akataja Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Kampala. Unajua jina hilo linavyotumika huku, watu wakigombana wanaambiana nenda Butabika. Mume wangu aligeuza uso akatazama dirishani kwa muda. Tukaenda.

Huko ndiko nilikoelezwa kwamba si kiburi wala si malezi, ni ugonjwa, wanauita anorexia, na kwamba njaa yenyewe inauvuruga ubongo. Nikasimuliwa habari za wanaume 36 wazima wa afya huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, waliojitolea kukaa na njaa ili wachunguzwe. Wakawa wanaota chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi, wanakatakata mkate vipande vidogo vidogo. Nikamwona binti yangu na gurusa zake.

Njia tunayofuata ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980: mzazi anapakua, mzazi anakaa, kiasi hakijadiliwi na mtoto. Milo mitatu na vitafunio katikati, na baada ya kula haendi chooni peke yake. Ni rahisi kuandika. Chapati nusu na chai ya maziwa zinachukua saa moja na dakika arobaini. Anaipasua mpaka inakuwa kama punje za maharagwe. Ananitukana, mtoto ambaye hajawahi kunijibu. Mimi tasbihi mkononi, kila tonge likishuka nasogeza punje moja. Sijui kama ni dhikri hiyo. Mungu ataihesabu anavyotaka.

Nisingeweza peke yangu. Jirani yangu wa mkabala, Mlokole yule mwenye sauti, alikuja siku ya tatu akasema, "Mama, lala. Cha mchana nakaa mimi." Amekaa nacho miezi mitano. Anaomba kwa Yesu kabla ya kula, mwanao anasema bismillahi, wanaanza. Wale niliofikiri watakuja, wa chama cha kusuka vikapu, walituma salamu.

Anaendelea vizuri, alhamdulilahi, ingawa wiki iliyopita alirudi nyuma siku mbili. Ramadhani hii hafungi; tunalisha maskini kwa ajili yake.

Sasa ombi. Ukimwona, usimwambie amenenepa. Najua kwetu ni sifa, najua itakuwa imeshafika ulimini. Imeze. Shangazi yake alimwambia, "Mashallah, umejaa," tukapoteza milo minne. Usimwambie amekonda pia. Muulize habari za kusuka, siku hizi ananishinda. Na mezani wewe kula tu, usitazame sahani yake.

Niletee angara, samaki wale wakavu. Mwanao amesema ataonja. Hakusema kiasi gani.

Mwenzio wa Bombo