Daftari la mizani halina mchumaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba riwaya ni porojo, na mtu mzima akitaka kusoma basi asome vitabu vya mambo yaliyotokea kweli. Sikukasirika. Ila barua yake imenikuta katikati ya kusoma, na juu ya meza yangu masika haya vilikuwapo vitabu vya aina zote mbili.

Kwanza nijieleze. Nimekuwa karani wa mizani katika vituo vya kununulia karafuu huku Pemba kwa miaka 27. Gunia likipanda mizani, naandika jina la muuzaji, uzito, daraja, bei na tarehe. Sikuwahi kuandika uongo katika daftari lile, na wakaguzi walipokuja hawakunikuta na kosa. Kwa hiyo mapenzi ya vitabu vya kweli ninayo, tena ya muda mrefu.

Ndiyo maana nilianza na maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufariki Mji Mkongwe mwaka 1905. Kitabu hiki ni kitamu, nasema kweli. Mtu anasimulia kwa "ka" moja baada ya nyingine, akaenda, akafika, akapigana, akauza, na wewe unakokotwa nyuma yake mpaka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huku chai inapoa. Anakutana na Livingstone, anakutana na Stanley, wala hawatetemekei. Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Pembe zimepimwa kwa frasila. Mali ameichukua kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, kwa mkopo, na deni analikumbuka. Nikasema, huyu ningefanya naye kazi.

Kilichonishinda ni wapagazi. Najua walikuwapo, kwani pembe haitembei. Lakini wanatajwa kwa idadi zaidi kuliko kwa majina, na nilipokifunga kitabu, waliobaki kichwani mwangu walikuwa matajiri, machifu na Wazungu.

Usiku ule ule nikafungua Peponi. Hii ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa kwetu visiwani, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kufasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Tajiri Aziz, ambaye mtoto anamjua kuwa ni ami yake, kila akija kwao humtilia sarafu mkononi wakati wa kuondoka. Safari moja anaondoka na mtoto mwenyewe. Huko dukani pwani, kijana mwingine, Khalil, ndiye anayempasulia: huyu si ami yako, baba yako kashindwa kulipa deni, wewe ni rehani. Na Khalil naye ni rehani vile vile.

Hapo nilikiweka kitabu chini nikamrudia Tippu Tip, nikatafuta zile kurasa za mikopo. Ni biashara ile ile, njia zile zile za bara, ingawa msafara wa Gurnah ni wa miaka ya baadaye, Wajerumani wameshaingia. Kwa Tippu Tip deni ni tarakimu. Kwa Gurnah deni lina miaka kumi na miwili na linalala kibarazani mbele ya duka. Sasa namuuliza ndugu yangu, ni kipi hapo kilicho uongo? Yusuf hakuwahi kuzaliwa, sawa. Lakini watoto waliowekwa rehani kwa madeni ya baba zao walizaliwa, tena wengi, na hakuna karani aliyewaandika.

Naomba nikae kidogo kwa Mzee Hamdani, mtunza bustani ya tajiri. Alikuwa mtumwa. Alipopewa uhuru akaukataa, kwa hoja kwamba uhuru wake haukuwa mikononi mwa mabwana hata wampe. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona mjinga. Mara ya pili nikamwona jeuri. Mara ya tatu nilitoka nje nikakaa barazani, mke wangu akauliza nani kafa.

Sisemi Peponi haina dosari. Amina, dada yake Khalil, anaingia mwishoni mwishoni, na mambo yaliyompata yeye yalitosha kitabu kizima. Badala yake tunaelezwa haraka kama mtu anayewahi boti. Na mwisho wenyewe umenikera. Siusemi hapa, wapo wanaoungoja.

Kingine cha kweli nilichosoma ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoroka Unguja mwaka 1866, na Ulaya akaitwa Emily Ruete. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mimi nimekisoma kwa Kiingereza, polepole, na kamusi pembeni. Kuna pahala anaeleza alivyojifunza kuandika kwa siri, kwa sababu mtoto wa kike hakufundishwa: alinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Nilimpenda palepale. Halafu nikafika kwenye sura ya watumwa. Mwanamke huyu mwerevu, aliyeonja mwenyewe dhiki ya ugenini na ujane, anakaa kuutetea utumwa wa kwao, eti haukuwa kama wa Marekani, na eti mtu mweusi bila kulazimishwa hafanyi kazi. Haya ni maneno ya shahidi aliyekuwapo, ndugu yangu. Si hadithi za kubuni. Alikuwapo, aliona, na bado yako aliyoshindwa kuyaona, kwa sababu ya pale alipokuwa amekaa.

Kuli ya Adam Shafi nimeirudia pia. Nilikuwa sijaishika tangu ujana, na safari hii haikunishika kama zamani. Mwandishi hawezi kujizuia. Watu wakikutana wawili tu mmoja wao anahutubia, na wewe msomaji umekaa mkekani unangoja dua ifungwe. Hata hivyo mgomo wa makuli wa mwaka 1948 bandarini Unguja ulitokea kweli, na mimi kama si Rashidi wa riwaya nisingejua kuli alikwenda kazini amekula nini. (Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake sitamgusa. Mzimu wa Watu wa Kale nausoma kwa raha yangu, sidaiwi maelezo.)

Kuna kitabu kimoja cha kweli kilichonitia adabu, na haki ya mwenzangu lazima niiseme. Ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Huyu si binti wa mfalme. Ni mtoto wa Fumba aliyebeba vyungu kichwani kwenda kuviuza mjini, na baadaye, mwaka 1928, sauti yake ikatiwa kwenye sahani za santuri huko Bombay. Shaaban Robert anamsifu kupita kiasi, kila kurasa chache unataka kumshika mkono umwambie basi bwana, tumesikia. Lakini kamwandika. Jina la muuza vyungu limo kitabuni, pamoja na kwao na njia aliyopita. Kumbe inawezekana. Basi tatizo langu si vitabu vya kweli kwa jumla. Ni nani aliyekuwa na kalamu, na alimtazama nani.

Nirudi kwenye mizani. Mwaka mmoja, sitautaja, mchumaji alianguka kutoka juu ya mkarafuu katika shamba moja huku kaskazini. Watu walimbeba kwa kitanda. Karafuu alizokwisha kuchuma zilichambuliwa usiku na wanawake na watoto, makonyo, yaani vikonyo vyake, mbali, zikaanikwa majamvini, zikakauka, zikaletwa kituoni. Mimi ndiye niliyezipima. Daraja la kwanza. Nikaandika jina la mwenye shamba, uzito, bei, nikamkatia stakabadhi, naye akahesabu pesa zake na kwenda zake. Kila nilichoandika siku ile kilikuwa kweli tupu. Jina la yule mchumaji nilikuwa nalijua, maana tulisali msikiti mmoja, lakini daftari halikuwa na safu yake.

Nimestaafu sasa, na daftari lile sijui limeishia kabati gani. Akitokea kijana akaandika hadithi ya mtu aliyelipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu alizochuma, akaanguka, na karafuu zake zikafika mjini kabla yake, jina akambunia lolote atakalo, mimi nitainunua.

Peponi yangu kwa sasa iko kwa binti wa jirani, na nyuma yake wapo wawili wameshaweka zamu. Ndugu yetu aliyeandika ile barua akivuka kuja Wete, anikaribie. Atakuwa wa nne, na nitamsogeza mbele kwa kuwa ni mgeni.

Karani mstaafu,
Wete, Pemba